Mama, kenge wa huku ana mikono

Mama shikamoo, na bibi shikamoo kama bado hajalala, wengine wote mambo vipi. Najua nimekaa kimya toka mwezi wa tano, msinisute jamani, zamu za usiku pale nyumba ya wazee zinanimaliza, na nikirudi asubuhi badala ya kulala najikuta nimekaa dirishani na chai yangu naangalia bwawa. Nasema bwawa lakini ni kinamasi tu kama kile cha nyuma ya shamba letu Ifakara, matete, tope, vyura usiku kucha. Majirani wengi hapa Minnesota walishafukia mabomba chini ya ardhi wakakausha vinamasi vyao wapande mahindi na soya, huyu mzee mwenye nyumba wangu ndo akagoma.

Sasa goti linamsumbua, kwa hiyo mimi ndo nimekuwa mlinzi wa bata. Dogo usicheke. Kuna bata fulani wa huku, dume lake lina rangi kama kitenge cha harusi, hawa hawatagi kwenye nyasi, wanataga kwenye mashimo ya miti, na siku hizi miti mikubwa yenye mashimo haitoshi basi watu wanawatundikia masanduku ya mbao kwenye nguzo majini. Zamani waliwindwa mpaka karibu waishe, mwaka 1918 serikali ikapiga marufuku, wakaja kuruhusu tena 1941. Kwenye sanduku unaweka maranda tu, bata haleti hata jani, anajinyonyoa manyoya ya kifuani anatandikia mayai.

Mwezi wa tatu maji bado ni barafu, unatembea juu yake kama uwanjani, ndo wakati wa kusafisha masanduku. Nguzo ya sanduku la pili ilikuwa imelala upande, nikafungua lile bati la chini ya sanduku, linakunjwa kama faneli iliyogeuzwa ili mnyama asipande, nikanyoosha nguzo, nikasema bati nitarudisha kesho. Kesho zamu, keshokutwa zamu, barafu ikayeyuka. Bati likabaki stoo na mimi nikasahau kabisa, Mungu anisamehe.

Mwezi wa nne jike akaingia humo humo. Nikafurahi kama mjinga, kila asubuhi naangalia. Kumbe si mimi peke yangu. Kamera ya mzee, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita, ilimnasa saa nane na nusu usiku, rakuni. Mama, rakuni ni kama paka mnene mwenye mkia wa pete pete na uso mweusi machoni kama jambazi, na ana mikono! Vidole vitano kama vya mtoto, anapapasa ndani ya tundu mpaka bega huku ameangalia pembeni, hana hata haraka. Kulipokucha ni maganda tu yanaelea. Jike alipona, nilimwona anazunguka zunguka pale juu kisha akaondoka.

Nilikwenda kwa mzee nikijua ataniambia tuchukue bunduki, maana nyumbani kenge akila mayai si baba alikuwa anaamka na rungu. Akanisikiliza, akaniuliza bati liko wapi. Basi. Akasema ukimuua huyu wiki ijayo anakuja mwingine, nguzo ni ile ile. Niliona aibu mama, hata chakula hakikupita.

Mabati yote yakarudi siku hiyo hiyo. Na kasa wa humu bwawani nao wana shida zao, jike moja kubwa lenye mdomo unaong'ata vibaya lilipanda mpaka kokoto za barabarani kutaga, asubuhi shimo limefukuliwa, skanki, yule mnyama wa huku anayefanana na kicheche, mistari ile ile na harufu ile ile, alishapita.

Ila sanduku la tatu lilisalimika. Mwanzoni mwa mwezi wa sita mama yao yuko chini majini anaita taratibu, kifaranga kimoja kikachungulia, kikaruka. Kina siku moja tu hicho duniani! Halafu kingine, na kingine, pwa pwa pwa, nilihesabu 17, mzee akasema pengine majike wawili walitaga humo, wana tabia hiyo kama kuku wako wa mwaka jana.

Nimekumbuka banda lako la kuku. Lina nguzo nne au sita? Nipigie picha nitume hela ya bati, fundi azungushie kila nguzo, na ule mwembe ukatwe matawi yanayogusa paa, maana kenge akikosa nguzo atapita huko.