Kilichomwinua Serena si nguvu pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniuma kila linapotajwa jina la mcheza tenisi Serena Williams, nalo ni mazoea ya watu kudai kwamba mataji yake 23 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa ya tenisi, ya mchezaji mmoja mmoja yalitokana na nguvu za mwili tu.

Wanaosema hivyo wangeitazama upya nusu fainali ya michuano ya Australia ya mwaka 2003. Katika seti ya tatu, mpinzani wake Kim Clijsters aliongoza 5-1, na mara mbili alibakiza pointi moja tu aingie fainali. Wengi wangeanza kurudisha mipira kwa woga wakisubiri mpinzani akosee, lakini Serena aliendelea kupiga kwa kujiamini, akazifuta pointi zote mbili na kushinda seti hiyo 7-5. Siku mbili baadaye alimshinda dada yake, Venus, katika fainali, akawa anashikilia mataji yote manne makubwa kwa wakati mmoja.

Mwaka 2011 aliugua kwa damu kuganda mapafuni, maradhi ambayo huua. Mwaka uliofuata alitwaa Wimbledon, dhahabu ya Olimpiki na taji la Marekani, na kwangu mimi huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko wote.

Ninawaomba waandishi wako wa michezo, wanapomwandika, watueleze pia habari za moyo huo wa kukataa kushindwa.

Wako mtiifu,
Msomaji wa kurasa za michezo