Majiko ya Mji wa Kale nayo yaandikwe

Mhariri,

Kila ikitajwa hifadhi ya Mji wa Kale, husifiwa milango ya nakshi, roshani na Fort Jesus. Mimi naulizia majiko. Ukitaka kujua mkahawa fulani hapa Kibokoni ulianza mwaka gani, utajibiwa "tangu enzi za Mwingereza," na mazungumzo yameishia hapo.

Mpwa wangu anasoma Montana, Marekani. Majuzi alinipigia simu ya video akiwa mji wa Butte, akipanda ngazi za mkahawa wa Kichina uitwao Pekin Noodle Parlor. Juu pana ujia mwembamba, na huku na huku vijumba vya mbao vya rangi ya chungwa, kila kimoja na meza yake. Umefunguliwa 1911, wakati Butte ikichimba shaba, na mpaka leo umo mikononi mwa ukoo wa Tam. Mwaka 2023 ulipewa tuzo ya James Beard, ambayo wapishi wa kule huiota.

Wala haukudumu kwa kudekezwa. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na ilifutwa 1943. Wafanyabiashara waliruhusiwa, na mwaka 1915 mahakama ikawatia wenye mikahawa katika kundi hilo. Basi mkahawa ukawa ndiyo njia ya kumvusha jamaa bahari. Jiko kama hilo nani angeliachia?

Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, na bado majiko yanazimika. Mtaani alikuwapo mzee wa mbaazi za nazi. Alfajiri harufu ya tui ilitutangulia msikitini. Alipofariki, wanawe wako Dubai (siwalaumu, mbaazi hazilipi hivyo), mwenye nyumba akapandisha kodi, na sasa pale panauzwa vifuniko vya simu. Jina la mzee halikuandikwa popote, ila kwenye madaftari ya waliomdai.

Naiomba kaunti na Makavazi ya Taifa wafungue daftari la mikahawa ya zamani: nani aliianzisha, lini, nani anapika sasa. Atakayeandikwa apunguziwe ada ya leseni, apate sababu ya kumrithisha mtoto mwiko. Kazi yenyewe haitaki mkandarasi wala zabuni. Kijana mmoja mwenye kalamu, akikaa na wazee barazani baada ya alasiri, anaweza kuianza Jumatatu.

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa