Mkutano wa wanaoenda China: Jumamosi

Habari za jioni wazazi na vijana wetu. Tukutane Jumamosi hii saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, Milimani, Kisumu. Mchango wa chai na kopi ni shilingi 200, utumwe kwa mweka hazina kufikia Ijumaa.

Mje na:
1. Pasipoti na kopi mbili za ukurasa wa picha.
2. Kadi ya manjano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano). Ambaye hajachanjwa aende wiki hii, maana cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano.

Tutakalolikalia zaidi ni viza ya X1, yaani ya wanafunzi wa masomo ya muda mrefu. Kwa kawaida ni ya kuingia mara moja tu. Ukishafika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kabla hujakipata usiende kutembea Thailand, wala hata Hong Kong, kwani huko pia huhesabika umetoka na hutaweza kurudi kwa viza hiyo. Vijana, likizo ya Oktoba isiwashawishi!

Pawabanki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama wa bidhaa ya China) huzuiwa kwenye ndege za ndani za China, kwa hiyo msinunue bado.

Tafadhali kila familia iandike hapa jina na idadi ya watakaokuja, kabla ya Alhamisi jioni. Asanteni.