Namba yako usiifiche

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillah. Ile namba ya sukari ya damu uliyonitajia kwenye simu imeninyima usingizi: 6.4, asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Unasema daktari kakwambia si kisukari. Kweli, kisukari ni kuanzia 7.0. Lakini ukifika 6.1 mwili ushaanza kuelemewa: insulini, ile inayoishusha sukari ya damu, ipo, ila misuli na ini haviitikii ipasavyo, na kongosho linajitutumua kutoa nyingi zaidi.

Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikanyamaza. Sikuumwa wala sikukonda, nikaona wananitisha bure. Hata baba yako sikumwambia. Miaka minne baadaye nikapata kidonda kwenye dole gumba, hakiponi, na wala sijui nilijikwaa wapi, kwani mguu ulikuwa ushakufa ganzi. Ndiyo maana unaniona kila usiku naangalia nyayo kwa taa.

Wewe hujafika huko. Una kilo 86. Ukipungua sita tu, na ukatembea nusu saa siku tano za wiki, utakuwa umeipunguza sana hatari ya kuvuka ukaingia kwenye kisukari. Kikwajuni na Darajani si mbali, vespa iache nyumbani.

Linalonitia hofu zaidi ni Ramadhani inayokuja. Hebu ifikirie sinia yetu: mihogo ya nazi, majimbi, ndizi, tambi, kaimati, kisha uji, kisha chai iliyokolea sukari. Samaki kipande kimoja pembeni. Watu hudhani muhogo hauna neno kwa kuwa si mtamu, kumbe ukishaliwa unageuka sukari vilevile. Wewe fungua kwa tende moja na maji, ukasali. Ukirudi anza na samaki na mchicha, ndipo ule muhogo kipande kimoja. Na siku ukila muhogo, ndizi ziache. Chai kunywa ya tangawizi, bila sukari. Siku tatu za mwanzo utaiona chungu, halafu utazoea.

Mkeo asikupikie chungu chako peke yako. Wajukuu zangu nao wale hivyohivyo.

Baada ya miezi mitatu pima tena, na majibu yakitoka nipigie siku hiyohiyo, hata yakiwa mabaya. Yangu ya jana asubuhi ilikuwa 7.8. Baba yako nishamwambia.

Mama yako