Kamera za waifai na paswedi za kiwandani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Hizi kamera za waifai zinazouzwa Kariakoo siku hizi kila mtu anafunga na kusema ukweli zinasaidia, mtu ana duka Mbagala anaenda msibani Tanga huku anamcheki kijana wake kwenye simu kama anauza au amelala, mwizi akiruka ukuta usiku simu inapiga kelele. Bando linaliwa ndio ila poa tu.

Shida ni hawa mafundi, anafunga anaacha paswedi ileile ya kiwandani, jina admin na paswedi admin, anachukua chake anasepa. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na ruta kibao kwa kujaribu tu paswedi za hivyo, kikazitumia kushambulia mtandao mpaka Twitter na Netflix zikakwama Marekani. Na wewe kamera kama hiyo umeifunga chumbani kwa watoto!

Uingereza tangu Aprili 2024 ni marufuku kuuza vifaa vyenye paswedi za kukisia kirahisi. Sisi sheria ya taarifa binafsi tunayo tangu 2022, sasa TCRA wa mawasiliano na TBS wa viwango si wazikague hizi kamera bandarini kabla hazijafika dukani?

Msomaji wenu, Temeke