Afisa kazi aje getini alfajiri

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa karani wa kuhesabu shehena na sijawahi kukuandikia. Hata siku mliyoandika kwamba Raskazone, mtaa wa hapa hapa Tanga mjini, uko wilayani Pangani, nilinyamaza. Lakini habari yenu ya juzi ya vibarua wa bandari ya Tanga, mliyoimalizia kwa kudai kwamba maofisa kazi wa serikali hawana la kufanya mpaka sheria itiwe meno, imenikosesha raha.

Meno gani tena? Sheria ya Taasisi za Kazi ni ya mwaka 2004. Kifungu cha 45 kinamruhusu afisa kazi kuingia mahali pa kazi wakati wowote unaofaa, bila taarifa, akadai madaftari na kumhoji anayemtaka. Kifungu cha 46 kinampa uwezo wa kumwandikia mwajiri amri ya kutii sheria. Kibarua naye hakusahauliwa: kifungu cha 61 kinasema aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, achukuliwe kuwa mwajiriwa. Kuli wa meli saa hizo anazimaliza kwa shifti nne, na mwezi bado mchanga.

Nisimulie yaliyonikuta. Mwaka jana, kumi la mwisho la Ramadhani, vijana wa mtaani kwetu waliniomba niwashikie daftari. Gengi la watu 14, meli ya mbolea ya mifuko, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, futari mkononi na daku juu ya mifuko. Kwa sheria, saa zinazozidi tisa kwa siku zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Hayo tuyaache, maana hata ahadi yenyewe haikutimia. Tuliambiwa shilingi 20,000 kwa shifti. Zikatufikia 15,500. Shilingi 3,000 zilikwenda kwenye glavu na vizibao vya reflekta, vitu ambavyo asubuhi tulivivua na kuvirudisha, wakavivaa wenzetu wa mchana (nao wakakatwa). Shilingi 1,500 wakaziita “ya kutolea”, kwa kuwa pesa ya gengi zima iliingia kwenye simu ya nyapara, naye akaenda kwa wakala akarudi na noti mfukoni. Karatasi ya mshahara hakuna, sahihi hakuna. Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha bandari hii. Kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na meli tulizokuwa tukizifuata kwa matishari huko nje, kilomita 1.7, leo zinafunga gatini kabisa. Lakini kuli wake analipwa nje ya geti, chini ya mti wa mkungu, kutoka mfuko wa suruali ya mtu.

Nikaenda ofisi ya kazi kushitaki. Kijana wa ofisini, mpole kwelikweli, akaniambia, “Mzee, shikamoo, lete mkataba.” Nikamjibu kuwa mkataba wa maandishi ni wajibu wa mwajiri kuutoa, na asipouonyesha ni juu yake kuthibitisha walichokubaliana. Akatabasamu. Mara ya pili gari halikuwa na mafuta. Mara ya tatu mhusika alikuwa semina Dodoma. Mara ya nne nikaambiwa shauri la namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na zangu zimekwisha. Naam, zimekwisha! Nilizimalizia kwenye benchi lao! Na wale 14 hawakutaka hata kutajwa majina, kwa sababu nyapara ndiye anayechagua nani ataingia kesho. Huyo kijana mpole alitaka kuli mwenye njaa asimame mwenyewe ataje jina lake, na huku yeye mwenye kitambulisho na mshahara wa kila mwezi anaogopa kuvuka barabara akaombe daftari.

Na kama tatizo ni mafuta, niulize: wale mgambo wanayapata wapi? Pale pale getini yuko mama mmoja anayeuza maandazi na mbaazi. Mgambo wanamfikia kabla hajapuliza moto. Wanajua anafungua saa ngapi na mtoto wake yupi anashika hela. Sufuria lake limepakiwa kwenye karandinga mara mbili, na benchi mara moja. Hawajawahi kwenda semina. Kumbe upelelezi tunaujua sana, ila tumeuelekeza kwenye mbaazi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli hapa Tanga mwaka 1939, makuli walipogoma. Alikuwa akisema wakati ule angalau walimjua aliyewanyima. Siku hizi ukiuliza mwajiri ni nani, kampuni inakuonyesha wakala wa vibarua, wakala anakuonyesha nyapara, na nyapara anakuonyesha simu imezima chaji. Amri ya kima cha chini cha mshahara ikianza, kama ile ya Januari 2023, redioni tunapongezana wiki nzima. Chini ya mkungu hakuna redio.

Basi nami nina pendekezo, na halihitaji Bunge. Afisa kazi mmoja, nasema mmoja, avae kizibao cha reflekta na kandambili, aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku yoyote yenye meli. Asitangulize barua, maana barua ikitangulia, siku hiyo glavu ni bure na nyapara anavaa tai. Apange foleni na wenzake. Noti zikianza kuhesabiwa, amwombe bwana mkubwa afungue ujumbe wa pesa kwenye simu, asome kilichoingia, ahesabu vichwa, kisha atoe kitabu chake cha amri. Kalamu aje nayo. Gari asijisumbue nalo. Bajaji kutoka mjini nitamlipia mimi, kwenda na kurudi.

Atanikuta nimekaa mkabala, kwenye benchi la mama wa mbaazi, kama litakuwa halijakamatwa.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga