Kwa Mama Nasri, kuhusu hayo mabegi

Hamburg, mwezi wa tisa

Shoga yangu Mama Nasri,

Salamu nyingi kwako na watoto, na kwa bibi yao hapo Ngamiani, Tanga. Sisi wazima, ila kibaridi kimeshaanza kupiga hodi na soksi nimeshazitoa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza ndani ya basi, nikacheka peke yangu hadi watu wakanigeukia. Seti ya hotpoti, blangeti la manyoya, pasi, blenda, kinu na mchi wake, mbuzi ya nazi, halafu unaniuliza kama ndoo nayo itaingia! Mtihani wa Kijerumani wa A1 umefaulu, viza ya kuja huku Ujerumani imetoka, hongera sana mwenzangu. Sasa weka hiyo ndoo chini unisikilize, maana mambo ya simu utayasahau nusu.

Nianze na nyumba. Shemeji amekwambia kwamba haina jiko? Muulize vizuri. Huku nyumba nyingi za kupanga unakabidhiwa chumba cha jikoni kitupu: hakuna sinki, hakuna kabati, hakuna pa kupikia, mabomba tu yametokeza ukutani. Aliyekuwa akikaa humo kahama na jiko lake, na wengine huondoka hata na taa za dari, wakakuachia nyaya zinaning'inia. Sisi tulipohamia hapa tulipikia kwenye jiko la umeme la sahani moja, tumeliweka juu ya mashine ya kufulia kwa kuwa hapakuwa na meza. Siku moja mtu kawasha mashine wali ukiwa motoni. Ilipofika kwenye kukamua, sufuria ikaanza kutembea yenyewe, mimi nimeishika kwa kanga, huku Baba Zuhura anahangaika kutafuta kitufe cha kuzimia. Kwa hiyo kama shemeji hajasaini mkataba, aangalie kwenye matangazo ya nyumba herufi tatu, EBK. Zikiwepo, jiko lipo. Kama ameshasaini, basi hela ya hotpoti itunze, itahitajika kununulia sinki.

Na vyombo usivibebe kabisa. Mwisho wa mwezi watu wanapohama, utakuta sanduku kando ya njia, limebandikwa karatasi ya "zu verschenken", yaani chukua bure. Vikombe ninavyonywea chai, birika na kiti cha Zuhura vyote nimevipata hivyo. Mwanzo utaona haya. Subiri umwone mzee wa watu, kavaa suti yake safi, anainama kuchagua sahani, haya zitakuisha. Yapo na maduka ya vitu vilivyotumika, bei zake za kuridhisha.

Pasi na blenda ziache pia, si kwa sababu ya umeme. Umeme wa huku ni volti 230 kama wa nyumbani, kitu hakiungui. Plagi ndizo tofauti, zao zina meno mawili ya duara. Wewe nunua ekstensheni moja nzuri hapo Tanga, yenye matundu yetu ya meno matatu, halafu huku tutaitafutia adapta moja ya kichwani. Chaja za simu zote zitachomekwa hapo, huna haja ya adapta kila pembe ya nyumba. Ila jiko au hita usichomeke kwenye hiyo ekstensheni. Pawabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye begi la chini hairuhusiwi.

Mashuka yako ya tano kwa sita mpe wifi yako. Futi sita ni kama sentimita 183, na godoro la huku lina urefu wa mita mbili kamili. Ukichomeka upande wa kichwani, miguuni pamebaki wazi. Mito yao nayo ni ya mraba, mikubwa, sentimita 80 kwa 80, foronya zetu hata haziingii. Kanga na vitenge, hapo sikuzuii, lete hata doti kumi. Mwezi wa sita huku jua linazama karibu saa nne usiku, na madirisha mengi hayana pazia. Mtoto unamwambia alale, anakuonyesha nje kweupe.

Blangeti la manyoya hapana, na usinunue makoti. Najua mitumbani kuna makoti mazuri, na mengine yalitoka huku huku. Utalibeba lirudi kwao kwa kilo tatu za begi? Mvae sweta na soksi za ndani ya ndege, na viatu vya kufunika. Makoti ya watoto nitawatafutia mimi.

Chakula ndicho kitakachokuliza uwanja wa ndege usipokuwa makini. Nyama na maziwa, na chochote kilichotokana navyo, haviingii Ulaya kwenye begi la msafiri. Samli ya bibi ya kopo haiingii, japo itaniuma mimi kuliko wewe. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa lete, wafunge mara mbili kisha watie kwenye kopo la mfuniko wa kubana, la sivyo nguo zote zitanukia pwani. Matunda yanayopita bila cheti cha afya ya mimea ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Basi. Machungwa ya Muheza na embe dodo yataishia kwenye pipa la forodha. Mbegu za mchicha za kupanda nazo ziache.

Unga usibebe. Pale Steindamm, karibu na stesheni kuu, kuna maduka ya kila namna ya watu, unga mweupe wa mahindi upo, mihogo ipo, na tui la kopo lipo hata kwenye supamaketi za kawaida. Ndiyo maana nakwambia mbuzi iache. Nazi zinazofika huku zimechoka, unavunja tatu unapata moja ya maana, kisha sakafu nzima ni machicha. Wenzangu hapa wananibishia, wanasema tui la kopo halina harufu. Kweli halina, lakini usiku wa kazi nani ana nguvu ya kukuna? Viungo lete vya kutosha: iliki, karafuu, mdalasini, na bizari ya pilau ile mnayosaga wenyewe. Iliki huku wanaiuza kama dhahabu. Udi lete kidogo, ila chetezo cha mkaa hapana. Kila chumba cha kulala kina king'ora cha moshi, ni sheria, na mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha unaua. Tafuta kile cha umeme.

Sasa kitu kizito ninachokutetea: kichwa cha cherehani yako. Shemeji atasema cherehani zimejaa huku, na kweli zimejaa, za plastiki nyingi. Ile yako nyeusi imeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, inapita kwenye jinzi mikunjo minne bila kukata sindano, na mkono wako unaijua gizani. Huku kukunja tu suruali chini, fundi anakutajia bei unayoweza kununulia suruali nyingine Tanga. Utapata wateja kabla hujamaliza kujifunza Kijerumani. Meza na pedali viache. Kikaushe mafuta siku mbili kabla, toa sindano na bobini, mkono wa gurudumu ufunge kwa kamba, kisha kiviringishe kwenye vitenge, sio nailoni, kiwe katikati ya begi. Mkasi uwe humo humo chini, juu watakunyang'anya. Kipime kwenye mizani ya dukani: begi lisipite kilo zilizoandikwa kwenye tiketi, mara nyingi 23. Ukikata tiketi usome wamekupa mabegi mangapi, sio usikie kwa watu.

Kama shemeji bado ana wazo lake la kutuma boksi kwa meli, inawezekana. Anayehamia Ulaya anaingiza vitu vyake vya nyumbani bila ushuru, mradi ameishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 au zaidi, vitu amevitumia si chini ya miezi 6, na vinaingia ndani ya miezi 12 tangu ahamie. Kuviuza marufuku mwaka mzima. Muandike orodha yake. Lakini mimi kwa vyombo vya plastiki nisingelipia meli.

Mizigo ya watu. Hapa naomba uwe mkali kuliko ulivyo. Wiki ya mwisho watakuja, mmoja na kifurushi cha mwanawe aliye Bremen, mwingine na "dawa tu za kienyeji", mwingine na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Hakuna atakayesema chake kina kilo mbili, wote vyao ni vidogo. Uwanja wa ndege utaulizwa begi umefunga mwenyewe, na kama kuna mtu kakupa kitu umbebee. Ukishajibu, kilichomo ndani ni chako, hata kama hujui ni nini. Usimfiche mtu, sema kilo zimeisha. Mama yangu mwenyewe atakuja, namjua. Kifungue mbele yake, toa iliki na majani ya chai, vingine mrudishie, mwambie mimi ndiye niliyesema. Atanuna siku mbili.

Nafasi utakayookoa hapo tia vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya watoto na juzuu zao. Hivyo huku sijavipata kwa urahisi, na Zuhura kaanza kunijibu Kijerumani.

Makaratasi yote yakae kwenye mkoba wako wa begani, hata chooni uende nao. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, leseni ya udereva, vyote vya asili. Mkihamia nyumbani mna wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, na wanataka pasipoti pamoja na karatasi aliyosaini mwenye nyumba. Leseni yetu huku inatumika miezi sita tu, baada ya hapo ni mitihani. Hakikisha jina la Nasri limeandikwa sawasawa kila mahali, maana wenzetu hawa herufi moja ikizidi wanakuambia ni mtu mwingine.

Na kadi za kliniki! Tangu Machi 2020 mtoto haingii chekechea bila kuthibitisha amechanjwa surua, shuleni nako wanadai uthibitisho huo, na mwenye miaka miwili kwenda juu wanataka chanjo mbili. Kwetu wanachoma ya miezi 9 na ya miezi 18, kwa hiyo wako wameshapata. Lakini uliniambia kadi ya mdogo wake Nasri ililowa maji wino ukatoka. Nenda kliniki wiki hii, si wiki ya safari, wakuandikie upya kutoka kwenye daftari lao, tarehe zote na mhuri.

Dawa chukua zile mnazotumia kila siku tu, na cheti cha daktari. Miwani ya akiba nunua huko, jino lako lile linalouma ling'oe au lizibe kabla hujaja. Na mtoto akipata homa miezi ya mwanzo, usikubali kuambiwa mafua. Mwambie daktari siku hiyo hiyo kwamba mmetoka Tanga na unataka apimwe malaria. Asipoambiwa anaweza asiifikirie kabisa.

Pima miguu ya watoto juu ya karatasi unitumie sentimita. Jirani yangu wa juu ana buti za wanawe zimewabana, anataka kuzitoa kabla ya mwezi wa kumi na moja. Na uniambie cherehani yako inatumia sindano namba gani, nikuangalizie pale Steindamm.

Msalimie sana bibi, na umwombe radhi kwa ile samli.

Wako,
Mama Zuhura